Sampuli Inabaki

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye nguzo mbele ya duka la rangi na misumari, na lilimwita kwa jina.

Si kwamba lilimtaja yeye. Lilisema kwamba Kamati ya Maandalizi ya Safari ya Mlimani inatafuta watu wa kuiuzia vifaa vya kambi: mahema, viatu vya kupandia, magodoro ya kujaza upepo, na visu vikubwa vya porini, vile visivyokunjwa. Chini kabisa, kwa herufi nene, likamalizia: WAFIKE NA SAMPULI. Naye mjini pale alijulikana kwa jina hilohilo, Sampuli. Jina alilopewa na wazazi wake alilitumia kwenye mambo ya serikali tu, na mambo ya serikali alijitahidi yasimkute.

Akalisoma mara ya pili, midomo ikicheza. Kisha akalibandua taratibu, akalikunja, akalitia mfukoni, ili wenzake wasisumbuke kulisoma.

Sampuli alikuwa muuza visu. Kusema haki, alikuwa na kisu kimoja. Kilikuwa kisu kizito cha chuma cha rangi ya majivu, mpini wa mti mweusi ulioshikwa kwa ribiti tatu za shaba, ndani ya ala ya ngozi. Visu vingine alivyouza vilikuwa na sura tu ya kisu. Fundi wa mabati alivikata kwenye mapipa ya mafuta, akavisugua mpaka vikang'aa. Mteja alijaribu kile cha kweli: alikata kamba, alichonga kijiti, alinyoa vinyweleo vya mkono. Akiridhika, Sampuli aligeuka kukifunga kwenye karatasi ya kaki, na kilichotoka ndani ya karatasi kilikuwa binamu yake wa bati.

Sasa, hata hicho kimoja hakikuwa chake. Kilikuwa cha baba mkwe wake, mzee wa bucha aliyestaafu. Sampuli alikiazima akate kamba, jioni akirudishe. Jioni hiyo ilikuwa imefikisha mwaka. Kwanza kisu kilikuwa kwa mnoaji. Kisha mnoaji akafiwa. Kisha akafa mnoaji mwenyewe, na kisu kikaingia kwenye mirathi. Mzee, mtu mwenye huruma, alituma rambirambi.

"Baba anakuja Ijumaa," mke wake alimwambia jioni ile. Alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni.

"Akaribie."

"Anafuata kisu. Wamemwita kule bucha la zamani akawasaidie kazi. Amesema kama mirathi haijaisha, ataenda mwenyewe akazungumze na wajane."

"Wajane gani?"

"Ulimwambia mnoaji kaacha wajane wawili."

"Kumbe nilisema wawili."

Mke akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. "Sikiliza, bwana. Mimi nimelelewa na kisu kile. Kila gauni nililovaa utotoni lilinunuliwa kwa nyama iliyokatwa na kile. Siku ile baba alipokupa, mimi ndiye niliyesema mpe, mume wangu si mtu wa kupoteza kitu. Ijumaa baba akiondoka bila kisu, naondoka naye. Begi langu halihitaji dakika nyingi."

Hakupandisha sauti. Sampuli aliwahi kutishwa na watu wenye misuli na watu wenye vyeo, lakini hakuna aliyemtia baridi kama mwanamke anayetisha huku anapima upindo wa nguo.

Hivyo akapanga. Kazi moja kubwa, ya mwisho, kwa hiyo kamati. Ijumaa kisu kirudi kwa mwenyewe, na yeye atafute biashara isiyo na wakwe ndani yake.

*

Ofisi ya Kamati ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya daktari wa meno, kwa hiyo ngazi yote ilinukia dawa na ilisikika kilio. Ndani kulikuwa na meza, viti viwili, benchi la wageni, na picha ya mlima iliyokatwa kwenye kalenda. Kwenye kona kulikuwa na taa, kamba na birika, kila kimoja na kikaratasi kilichoandikwa "Sampuli". Alijisikia nyumbani.

Mwenyekiti alikuwa mfupi, mwenye tai na kalamu sikioni. Katibu alikuwa mwanamke mwembamba aliyeshika muhuri, akiupulizia pumzi mara kwa mara hata kama hakuna cha kugonga.

"Wewe umetuletea nini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Nimewaletea usalama wenu, mheshimiwa," alisema Sampuli, akakilaza kisu mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

"Sisi visu hatuvijui," alisema Katibu. "Tuelekeze. Mtu anachaguaje?"

Hapo ndipo walipomshika pabaya, maana Sampuli akiombwa kuelekeza hakuwa na breki.

"Mama, kwanza achaneni na visu vya kukunja. Kisu cha kukunja kina kiungo, na kiungo ndipo pa kuvunjikia. Kikivunjika nyumbani, unaenda kuazima kwa jirani. Kikivunjika mlimani, jirani yako ni nyani."

Mwenyekiti akaandika: nyani.

"Ukubwa nao una ujinga wake. Kuna watu wanataka kisu kama panga, wakapige nacho picha. Kitu kikizidi mno kinachosha mkono, na kitunguu hukimenyi nacho. Kikiwa kidogo nacho, kuni hazipasuki, unalala na baridi. Chukua cha urefu huu, kiwe kinene mgongoni, uweze kukigonga kwa gogo. Chuma kinachong'aa sana hakishiki kutu, lakini kukinoa utalia. Hiki cha majivu unakinoa hata kwa jiwe la mtoni, ila ukikisahau na maji, kesho kina kutu. Kinataka mafuta kidogo, kama kichwa cha mtoto anayeenda shule."

"Na mpini?" Katibu aliuliza.

"Ah! Mama, wewe umezaliwa na kipaji. Mpini ndio siri yenyewe. Uliza mkia uko wapi."

"Kisu kina mkia?"

"Chuma kinachoingia ndani ya mpini. Kwenye kisu cha kweli, chuma ni kimoja kuanzia ncha mpaka kitako. Unakiona kwa pembeni, huku mti, huku mti, chuma katikati, kama nyama kwenye mkate. Kigonge kwa ukucha." Akakigonga. Kisu kikaimba ngiii, sauti ikazunguka chumba. "Umesikia? Sasa visu vya matapeli mkia wake ni kama kidole gumba, umegandishwa kwa gundi. Ukipiga pigo la tatu, mpini unabaki mkononi na kisu kinaendelea na safari."

"Kwani matapeli wapo hata kwenye visu?"

"Wamejaa, mama," alisema Sampuli kwa uchungu.

Na uchungu ule ulikuwa wa kweli, kama kila neno alilolisema. Huo ndio uliokuwa ukubwa wake. Katika mzigo wote wa Sampuli, kitu pekee kisichoghushiwa kilikuwa hotuba.

Mwenyekiti akakichukua kisu. Akachonga penseli. Akakata kamba. Akaenda kwenye benchi la wageni, akapasua kipande cha mguu wa benchi kwa pigo moja, na mgeni aliyekuwa amekalia benchi hilo, ambaye ni Sampuli mwenyewe, akainama upande wa kushoto na kubaki hivyo kwa heshima.

"Kinapata?" Sampuli alimwuliza.

"Kinapata kweli."

"Hapana, mheshimiwa. Visu vingine vinapata. Hiki kinapokonya."

Mwenyekiti hakucheka. Akaandika: kinapokonya. Kisha akasema, kama mtu anayeagiza maji, "Tutahitaji sitini."

Sampuli akameza mate. "Sitini mnavipata Ijumaa asubuhi."

"Kamati inaangalia ubora," aliendelea Mwenyekiti, sasa akiyatazama mabati ya darini. "Lakini na ubora nao, wewe mwenyewe ni mtu mzima, huwa unahitaji kuangaliwa."

Hadi hapo Sampuli alikuwa na kashaka kadogo. Muhuri ulikuwa mpya mno, na Katibu alikuwa amevaa raba. Lakini aliposikia hayo, kashaka kakayeyuka. Ofisi isiyoomba chochote ndiyo ingemnyima usingizi.

"Ubora utaangaliwa vizuri, mheshimiwa. Mzigo ukishafika."

Akakichukua kisu ili aondoke.

"Sampuli inabaki," alisema Katibu.

"Ndiyo, mama. Nawafungia kisipigwe na vumbi." Akageukia begi lake, karatasi ya kaki ikalia, akageuka tena na kifurushi safi kilichofungwa kwa uzi.

Katibu akaufungua uzi. Akakiinua kisu, akakigonga kwa ukucha. Pwa. Akakitazama mpini kwa pembeni, ambako fundi wa mabati, mtu wa sanaa, alikuwa amechora mstari wa rangi ya fedha. Akaukwangua. Mstari ukahamia kwenye kucha yake.

Chini, kwa daktari wa meno, mtu akalia.

"Mkia wake uko wapi?" Katibu aliuliza.

"Nyama kwenye mkate, ulisema," Mwenyekiti alikumbushia, akitazama alikoandika.

Sampuli aliangua kicheko, akapiga makofi, akampa Katibu mkono. "Hongereni! Hongereni sana! Nilikuwa nawapima. Siwezi kukabidhi visu sitini kwa watu wasiojua kuchagua, dhamiri yangu hairuhusu. Kuna kamati nimezikatalia."

"Tumefaulu?"

"Bila kosa hata moja."

"Basi lete chenyewe."

Mkono wa Sampuli ukaenda kwenye begi ukakaa humo. Aliuona uso wa mkewe, na zile pini. "Chenyewe, mama, ningeondoka nacho kwanza, wakifuatishe kiwandani..."

"Sampuli ikiondoka si sampuli tena, ni mgeni aliyepita kusalimia," alisema Katibu. "Utaratibu ni huo. Inabaki hapa. Mzigo ukija tunalinganisha, kisu kwa kisu. Tukimaliza, sampuli yako unarudishiwa papo hapo."

"Tena mlinganishaji ni mimi," Mwenyekiti aliongeza, akavua miwani na kuifuta kwa tai. "Na macho yangu siku hizi, ndugu yangu, hayaoni hata mlango."

Sampuli akahesabu haraka. Ijumaa asubuhi analeta mzigo, kipofu analinganisha, kisu kinarudi, mchana mkwe anakikuta ukutani. Akakilaza kisu mezani. Katibu akapulizia muhuri pumzi, akagonga karatasi, akampa. Kwenye muhuri kulikuwa na picha ya mlima. Sampuli akashuka ngazi akipiga mluzi, na wagonjwa wa meno wakamtazama kwa chuki.

*

"Sitini?" fundi wa mabati aliuliza. "Mnaenda vitani?"

"Mlimani."

"Na vikikatika?"

"Watakuwa mbali."

Fundi akataka kitu mkononi kwanza, na kwa kuwa mkononi Sampuli hakuwa na kitu, akamwachia baiskeli. Kwa siku tatu mapipa yalilia nyundo. Alhamisi mke alimwuliza kisu kiko wapi, akasema kiko ofisini kwa watu wakubwa. Mke akasema, "Mh." Asubuhi ya Ijumaa Sampuli alivalia shati la kola, akasukuma mkokoteni mwenyewe, visu sitini vikigongana ndani ya gunia, pwa, pwa, pwa, mpaka mlango wa daktari wa meno.

Juu, kwenye veranda ya ghorofa ya pili, alikuta watu. Mama mmoja amekalia furushi kubwa la turubai. Bwana wa makamo amekumbatia gunia la viatu. Mwingine ana rundo la magodoro ya plastiki. Mlango wa Kamati ulikuwa wazi, na ndani kulikuwa na meza na benchi lililoinama. Hata ule mlima wa kalenda haukuwepo.

"Wametoka?" Sampuli aliuliza.

"Wametoka alfajiri," alisema mlinzi wa jengo. "Wamebeba mizigo mgongoni kama kobe. Wamesema wanakwenda kukagua sampuli kwenye mazingira yake."

Mwenye viatu akaanza kutikisa kichwa.

"Mimi niliwaachia mguu mmoja tu. Wa kushoto. Nikajiambia, mimi siyo wa leo, mtu ataenda wapi na mguu mmoja? Kesho yake wakaniita. Wakasema mguu wa kulia wa binadamu huwa mkubwa kidogo, wanataka kuhakikisha. Nikaona hawa watu wanaijua kazi yao."

"Kwangu walichukua hema," alisema yule mama. "La watu wawili."

"Hema la watu wawili, kamati nzima?"

"Niliuliza. Wakasema la kujaribia."

Wote wakamgeukia mwenye magodoro.

"Walikuchukulia magodoro mangapi?" mama aliuliza.

"Moja," alisema. "Pana."

Mama wa mahema akalifikiria godoro lile. "Basi wale ni mume na mke," alisema. "Tena wapya."

"Twendeni polisi!" alisema mwenye magodoro, akasimama.

Hakuna mwingine aliyesimama. Mama akalitazama gunia la Sampuli, Sampuli akalitazama furushi la mama. Turubai lililochungulia lilikuwa magunia ya saruji yaliyopakwa rangi ya kijani. Kiatu kilichodondoka kwenye gunia la jirani kilikuwa kimefungua mdomo, na soli yake ilikuwa karatasi ngumu. Mwenye magodoro akayatazama magodoro yake, ambayo tangu waanze kuzungumza yalikuwa yakitoa pumzi polepole, akakaa.

"Mnajua walichofanya?" mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesifia chakula cha adui. "Muuzaji mwaminifu analeta sampuli inayofanana na mzigo. Kitu cha kawaida tu. Sisi ndio tunaoleta kitu bora kuliko vyote mjini. Wakaandika 'wafike na sampuli', wakakaa kusubiri vitu bora. Na walijua hakuna hata mmoja wetu atakayekwenda kusema."

"Wametuingiza mjini," alisema mwenye viatu, "na sisi ndio wenye mji."

Mlinzi, aliyekuwa akisikiliza kwa makini, akawaomba wote waondoe taka zao kwenye veranda.

*

Mkwe alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye kiti cha karibu na cherehani, kofia juu ya goti, ala ya ngozi mpya aliyoinunua kwa ajili ya kisu chake ikiwa mikononi. Begi la mke lilikuwa mlangoni, limefungwa zipu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Habari za wajane?"

Sampuli akafungua mdomo. Alikuwa ameshatengeneza njiani jambo zuri kabisa, lenye hakimu ndani yake, na mafuriko. Lakini aliiona ile ala. Mzee alikuwa ameifungua kidogo kwa kidole, tayari, kama mtu anayemshikia mgeni mlango. Na mke alikuwa amesimamisha cherehani.

"Baba," alisema, "hakuna wajane. Mnoaji ni mzima. Kisu hakikuwahi kunolewa. Mwaka wote nilikuwa nacho mimi, natapeli nacho watu. Jumatatu nilikipeleka kwenye kamati ya kupanda mlima, wakasema sampuli inabaki. Kumbe hakukuwa na kamati, walikuwa mume na mke wapya. Wamechukua hema la mtu, na viatu, mguu wa kulia wakauita baadaye, na godoro moja pana, na kisu chako, wamekwenda mlimani."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Sampuli kusema mambo mengi hivyo, yote ya kweli, kwa mfululizo, na alijisikia amechoka kama mtu aliyebeba gunia la mchele.

Mzee alimtazama kwa huruma. Mtu huyu aliyekuwa amepokea habari za mnoaji kufiwa, na mnoaji kufa, na mirathi, na wajane wawili, na kila kimoja akakiombea dua, alitikisa kichwa polepole.

"Mkwe wangu," alisema. "Mimi sijawahi kukuvunjia heshima. Lakini hili hapana. Kamati! Mguu wa kulia! Unadhani mimi mtoto?"

"Baba, wallahi..."

"Usiape. Ulikuwa unasema vizuri, mwanangu, mpaka watu wa bucha nilikuwa nawasimulia. Leo umechoka, naona." Akanyoosha kidole mlangoni. "Toka kidogo nje. Tulia. Tunga upya, kitu cha maana, kitu ninachoweza kumwambia mtu. Mimi nasubiri."

Sampuli akatoka. Akakaa kwenye ngazi, kidevu mikononi. Akamtafuta hakimu, akamkosa. Akayatafuta mafuriko. Kichwani kulikuwa kumekauka kama chungu kilichosahauliwa jikoni, na kila alipokoroga ilipanda ile kamati tu.

Mlango ukalia. Mke wake akatoka na begi lake, akaliweka kwenye ngazi, akakaa juu yake. Hakumtazama.

"Godoro moja?" aliuliza.

"Moja."

"Na huyo wa viatu, alirudi mwenyewe kupeleka wa kulia? Kwa miguu yake?"

"Kwa miguu yake. Alisema aliona hawa watu wanaijua kazi yao."

Mabega ya mke yakaanza kutikisika. Akajiziba mdomo kwa mkono, haikusaidia. Akainama mpaka paji la uso likagusa magoti, akicheka bila sauti, machozi yakimtoka, na Sampuli akakaa kando yake kama mtu aliye msibani, akisubiri aishe.

"Baiskeli, utamfanyia fundi kazi ya mabati mpaka uikomboe," alisema alipopata pumzi. "Na kisu cha baba utakinunua dukani, kwa jasho, chenye mkia mpaka kitakoni. Nitakigonga mwenyewe."

"Sawa."

"Sasa nisikilize. Hakimu baba hatamkubali, anawajua mahakimu. Lakini mamba, baba anawaogopa."

Ndani, kiti cha mzee kililia.

"Bado?" mzee aliita.

"Bado, baba!" mke alijibu, akisogea karibu na mumewe. "Ila tunakaribia."